Sikio la Kobe

Jua lilikuwa linazama, na mimi nilikuwa na kazi moja tu: kumlaza Kobe.

Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi. Mfagiaji alikuwa anapita na ndoo yake koridoni, na kwenye maegesho mtu alikuwa anapiga honi kama aliyechelewa harusi. Machweo niliyokuwa nayangoja hayakuwa ya huku. Yalikuwa ya nyuma ya mwezi, upande ule usioitazama dunia hata siku moja, na huko ndiko kigari chetu kilikokuwa kimesimama peke yake, na magurudumu yake sita, kikitupa kivuli kirefu juu ya vumbi.

Tulikiita Kobe kwa ajili ya mwendo wake. Akijitahidi sana ni mita mia kwa saa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Watu wakisikia dereva wanadhani nilishika usukani. Mimi nilishika kikombe cha chai. Naandika amri, naituma kwa setilaiti inayozunguka kule nyuma, nayo inamfikishia. Bila setilaiti hiyo hakuna neno linalokwenda wala kurudi, maana mwezi mzima umekaa katikati yetu. Dereva aliyekuwepo kabla yangu aliacha kazi kwa kusema amechoka. Tulimcheka sana. Kazi ya kukaa kitini, unachoka nini?

Mchana wa huko ni wiki mbili zetu, na usiku wake ni wiki mbili. Usiku ukiingia, baridi yake huvunja chuma, kwa hiyo Kobe hulala. Kumlaza kuna hatua nne, na zilikuwa zimebandikwa ukutani juu ya meza yangu. Mgeuze paneli ielekee litakapochomoza jua. Piga picha za pande zote. Mkunje shingo. Mwisho, mzibe sikio. Sikio ni kile kifaa chake cha kupokea amri. Likizibwa, hakuna kinachomfikia mpaka jua limwamshe.

Hatua ya nne sikuifanya.

Sijitetei, naeleza tu. Asubuhi yake iliyopita, Kobe alichelewa kuamka siku tatu. Jua linampiga, yeye kimya, sikio limeganda. Mkuu wa kituo alisimama nyuma ya kiti changu siku zote tatu, akinipumulia kisogoni. Kobe alipojibu hatimaye, Mkuu aliniinamia akasema taratibu, "Ukinipotezea huyu, utaenda kuendesha toroli sokoni." Basi safari hii nikaona nimwachie sikio wazi, umeme uendelee kupita ndani yake, lipate joto kidogo, lisigande. Nani angejua?

Kwenye daftari la zamu nikaandika: Sikio limezibwa.

"Lala salama, mzee," Jicho akaiambia skrini, kama ilivyokuwa desturi yake. Jicho alikuwa fundi wetu wa picha, na tulimpa jina hilo kwa sababu bila miwani haoni hata mlango. Kiti chake kilikuwa kushoto kwangu. Aliniita dada tangu wiki ya kwanza, na mkewe, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, aliniita wifi, akiniletea salamu na maswali ya uzazi kana kwamba mimi ni mkunga. Niliwapenda. Naomba hilo likumbukwe.

Skrini ikaingia giza.

Siku ya tisa ya usiku wa Kobe, saa nane mchana, tulikuwa wawili ofisini. Mezani kwangu kulikuwa na spika ndogo inayolia kila Kobe anapojibu amri. Usiku wake huwa imekufa kabisa, hata unaisahau.

Tik.

Jicho aliacha kutafuna mkate. "Umesikia?" akanong'ona.

"Nini?"

"Usiniulize nini, dada. Umesikia."

Kwenye skrini palikuwa na neno moja: NIMEPOKEA. Hivyo ndivyo Kobe hujibu anapopata amri. Nikaangalia amri zilizotumwa. Hakuna. Ya mwisho ilikuwa yangu, ya siku tisa nyuma.

"Setilaiti imepiga chafya," nikasema. Jicho hakucheka. Alinitazama kidogo kupita kawaida, kisha akainuka kwenda kuchukua chai.

Alipotoka tu, nikalifuta lile neno. Kobe aliyezibwa sikio hawezi kupokea kitu, na neno lile lingenianika. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe...

Tik.

Tik.

Tik.

Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Niliogopa, lakini zaidi nilianza kushuku. Funguo za kumwendesha Kobe zilikuwa mbili, wangu na wa akiba, na wa akiba alikuwa nao Jicho. Mimi sikutuma kitu. Basi nani? Kuanzia siku hiyo mkono wake ukielekea kwenye kibodi, macho yangu yanaufuata. Akienda msalani, nahesabu dakika. Akinisalimia, najiuliza ananisalimia au ananichunguza. Nadhani naye alikuwa anafanya vilevile. Kikulacho ki nguoni mwako, na kila mmoja wetu alikuwa anakagua nguo za mwenzake.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Ninaishi na mama yangu. Usiku nilikuwa nalala mapema, naamka hoi, mabega yananiuma, visigino vimepasuka. Nikasema ni mawazo.

"Unalala wapi wewe?" mama akaniuliza asubuhi moja.

"Si hapahapa, mama."

"Shuka zako nimezifua mara tatu wiki hii. Maji yanatoka majivu." Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu. Palikuwa na malengelenge manne chini ya vidole. Akainusa ile ngozi, akaiachia. "Na hiyo harufu ni ya nini?"

Nilijua ni ya nini, ila sikujua imetoka wapi. Ilikuwa harufu ya baruti iliyokwisha kulipuka. "Sabuni mpya ya kazini," nikasema.

"Zamani mtu akiamka hivi tulikuwa tunasema kalimishwa. Wachawi wanamchukua kitandani, wanamfanya msukule, anawalimia shamba lao usiku kucha, alfajiri wanamrudisha. Yeye anajua amelala."

"Mama, mimi nimesoma."

"Hata wao hawakumuuliza mtu shule yake," mama akasema, akaenda kuanika shuka.

Jua lilipochomoza kule, Kobe aliamka mara ya kwanza alipoguswa. Hakuchelewa hata dakika. Mkuu alinipiga begani kwa furaha, na ofisi nzima ikapumua.

Kisha namba zikaanza kuingia. Betri ilikuwa imejaa. Kobe huamka na betri chini ya robo, kama mgonjwa. Safari hii ilikuwa imejaa pomoni. Nikatazama hesabu ya magurudumu. Alilala akiwa ametembea kilomita nne tangu nikabidhiwe kumwendesha. Sasa ilisoma kilomita thelathini na tano.

"Kifaa kimeharibika," Mkuu akasema. "Leta picha."

Jicho akaleta picha. Tulikuwa tunaupenda uwanda ule kwa sababu haukuwa na jiwe hata moja, na wenye elimu ya miamba walikuwa wameandika kurasa nyingi kueleza kwa nini. Kobe alikuwa amesimama palepale nilipomlaza, ameelekea kulekule. Lakini mbele yake...

Uwanda ulikuwa umelimwa.

Mistari. Mstari na mstari, sambamba, tuta na mfereji, tuta na mfereji, mpaka upeo wa macho. Magurudumu ya Kobe yalikuwa yamechimba vumbi lile na kulirundika kwa usafi ambao ungemfurahisha bwana shamba. Kushoto vilevile. Kulia vilevile. Jicho akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Mkuu ni mtu wa mantiki. Alifungua daftari la zamu akasoma kwa sauti mwandiko wangu. Kisha akasema, polepole, kila neno mahali pake, "Sikio lilizibwa. Basi hakuna amri iliyomfikia. Basi hakutembea. Basi hizi picha na hizi namba zimetengenezwa hapahapa, na kila kinachoshuka kutoka juu kinapitia mikononi mwa mtu mmoja."

Wote tukamgeukia Jicho.

"Mkuu, mimi nitengeneze shamba mwezini kwa faida gani?" Jicho akauliza.

"Hilo utalieleza wewe. Una mpaka Kobe alale tena. Ukishindwa kueleza, usirudi hapa, na barua yangu itakutangulia popote utakapoomba kazi."

Jicho alinitazama. Ningesema wakati ule, yangeisha. Nilitazama kikombe changu.

Jioni, ofisi ilipobaki tupu, nikazikuza zile picha. Kila mwisho wa mstari palikuwa na alama ya Kobe kujigeuza arudi. Zote zilipindia kulia. Hata pale ambapo kushoto kungekuwa karibu, amezunguka kulia. Gurudumu lake la nyuma kushoto ni bovu, linakwama, na tangu nikalie kile kiti sijawahi kumgeuza upande mwingine. Sikumwambia mtu wala sikuliandika. Ni mazoea yangu tu ya mikono.

Jicho asingejua kufanya vile. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Nikafungua viganja vyangu chini ya taa ya mezani, nikavitazama. Malengelenge yalikuwa yamekauka. Nikakumbuka kwamba waliowahi kutua mwezini walisema vumbi lake hunuka baruti. Wakati wa mchana wa Kobe nilikuwa nalala vizuri; ni usiku wake tu ndio niliokuwa naamka hoi.

Siku ya pili yake nikaenda kwa yule dereva wa kwanza. Alikuwa anakaa chumba cha nyuma, juu ya duka la kushona. Alifungua mlango kiasi cha uso tu. Alipoona ni mimi hakushangaa, akarudi kukaa na kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alikuwa ameacha kazi zaidi ya mwaka.

"Uliacha sikio wazi," akasema, hata salamu hatujamaliza.

"Umejuaje, kaka?"

"Niliacha mimi pia. Mara moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumpokea mgeni." Akainua mguu mmoja. Unyayo ulikuwa wa mtu aliyetembea maisha yake yote bila viatu. "Wewe umepewa nini?"

"Kulima."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za kijiji alichohama. "Basi wamefika kwenye kulima. Mimi nilikuwa naondoa mawe."

Nikakumbuka ule uwanda usio na jiwe, na zile kurasa zote za wataalamu.

"Nikiziba sikio sasa?"

"Niliziba kila machweo baada ya ile. Haikusaidia. Akishajua njia habishi hodi tena."

"Nani, kaka?"

"Mwenye shamba." Akashusha sauti, akatazama dirishani, ingawa ilikuwa mchana kweupe na chini cherehani zinalia. "Sijawahi kumwona. Ukiwa kule unajua tu yuko nyuma yako, anangoja umalize mstari. Hasemi. Anangoja... Asubuhi unasahau, mwili ndio unaokumbuka."

"Ulitokaje?"

"Niliinuka kitini." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hakuniita mimi, mdogo wangu. Anamwita anayemwendesha Kobe. Aliyekaa kitini ndiye anayelima. Nilipoondoka mimi mawe yalikuwa yamekwisha, akatulia; ukakaa wewe, na ulipoacha sikio wazi akarudi. Nilitaka kukupigia simu. Kila siku nilitaka."

Nilimchukia mpaka nikashindwa kumuaga. Niliteremka ngazi nikijiambia kwamba mimi nisingeweza kumfanyia mtu vile.

Siku za mwanga zikapungua. Jicho alikonda. Alikuwa anakuja asubuhi na mapema, anapitia picha moja moja akitafuta kitu cha kumsaidia, na mchana mkewe anampigia simu, naye anamwambia kila kitu kiko sawa. Siku moja aliniuliza, "Dada, unaamini ni mimi?" Nikamwambia hapana. "Basi ni nani?" Nikamwambia sijui. Alinitazama tu, na nikajua kwamba naye ameanza kujumlisha.

Siku ya kumi na tatu kivuli cha Kobe kilikuwa kirefu tena. Zilibaki saa chache jua lake lizame. Nikainuka, nikaenda ofisini kwa Mkuu, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Sikio sikuliziba," nikasema. "Nilidanganya kwenye daftari. Jicho hana kosa."

Alinisikiliza bila kunikatiza. "Na aliyempa amri?"

"Sijui, Mkuu."

"Hujui." Akafungua droo, akatoa karatasi, akaanza kuandika barua ya kunifukuza hapohapo mbele yangu, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaita kwa sauti kupitia mlangoni: "Jicho. Njoo ukae kwenye kiti cha dereva. Mlaze Kobe. Kuanzia leo ni wako."

Nilikuwa najua. Nataka kusema sikujua, nimejaribu kujiambia hivyo mara nyingi. Lakini ufunguo wa akiba alikuwa nao yeye. Ni nani mwingine angekaa? Niliungama ili nimwokoe Jicho, na niliungama ili niinuke kile kiti kabla ya machweo, na siwezi kukuambia ni lipi lililotangulia.

Nilimkuta amesimama karibu na kiti changu, macho yamelowa. "Dada," akasema. "Umepoteza kazi kwa ajili yangu. Mtoto akizaliwa msichana, tutampa jina lako."

Nilifungua mdomo. Skrini ilikuwa inaonyesha yale matuta, vivuli vyake virefu vimelala mstari kwa mstari. Ningemwambia usikae. Ningemwambia, na angeniuliza kwa nini, na ningemweleza, na asingekaa, na jua lingezama wakati jina langu bado liko kwenye kile kiti.

"Usisahau kuziba sikio," nikasema.

"Siwezi kusahau."

Akakaa.

Nilipokuwa natoka nilimsikia akiiambia skrini lala salama, mzee. Nililala siku hiyo saa tatu, nikaamka saa moja asubuhi, mwepesi, sina maumivu popote. Na siku iliyofuata hivyohivyo. Nililia kwa raha ya usingizi, kisha nikaona aibu, kisha nikalala tena.

Siku ya kumi, usiku, simu ikalia. Mama alikuwa chumbani kwangu anakunja nguo. Dirishani mwezi ulikuwa bado mkubwa, unamezwa kidogo upande mmoja. Mwezi ukitung'alia hivi, nyuma yake ni giza tupu.

"Wifi," mke wa Jicho akasema. Alikuwa ananong'ona. "Samahani kukusumbua. Huko kazini kuna ujenzi?"

"Kwa nini?"

"Mwenzangu anaamka na vumbi mpaka masikioni. Lina harufu ya fataki. Na amechoka, wifi, anatembea kama mzee. Nikimuuliza anasema ni mawazo ya kazi mpya." Nilisikia anafunga mlango upande wake. "Usiku anaongea. Anasema kulima kumekwisha, imebaki kupanda."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Jana usiku aliniamsha naye bado yuko usingizini, amekaa kitandani, macho wazi. Ameweka mkono tumboni kwangu. Akaniuliza mtoto anazaliwa lini. Nikamwambia si unajua, wiki ijayo. Akasema siulizi mimi. Kuna mtu anangoja mbegu, ndiye anayeuliza."

Mama alikuwa ameacha kukunja. Alikuwa amesimama na shuka mkononi, ananitazama.

"Wewe ulikaa kwenye kile kiti kabla yake," mke wa Jicho akasema. "Nakuuliza wewe kwa sababu yeye anakuamini kuliko mtu yeyote. Ulikuwa unapatwa na haya? Ukiniambia ndiyo, namtoa leo hii. Nitamvuta kwa shati."

Nilijua kile kiti hakikai wazi. Nilijua pia kwamba kituo kizima waliowahi kumwendesha Kobe ni watatu, mmoja hawezi tena kusimama kwa muda mrefu juu ya nyayo zake, na Mkuu alikuwa ameshanipigia simu mara moja kuniuliza kama ningerudi kitini Jicho akishindwa.

"Hapana, wifi," nikasema. "Mimi nilikuwa nalala vizuri tu. Labda ni mawazo."

Akashusha pumzi. Akanishukuru, akaniambia nimsalimie mama, akakata.

Mama alimalizia kuikunja ile shuka, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya kitanda changu. Huwa haondoki chumbani bila kuniambia lala unono. Safari hii alitoka kimya, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga.

Niliitazama ile shuka. Ilikuwa nyeupe, haina doa.